Fuso Iliyozima Soni

"Hata kuku hatashtuka," alisema Alen. "Lori litaingia, litapakuliwa, litaachwa. Hakuna atakayeguswa. Mzee ataamka ndoto yake haijafika mwisho."

Alen alikuwa fundi wa ahadi. Angekuwa mwanasiasa, angeshinda kata tatu kwa mpigo.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi jioni, chumba cha nyuma cha duka la mbolea, Soni. Walikuwa watatu. Walikalia mifuko ya urea, na harufu yake ilikuwa inatoa machozi, hivyo ungeingia ghafla ungedhani wako msibani.

Alen mwenyewe alikuwa mtu wa mbao. Miaka yote alipakia magogo Shume, mengine yana kibali, mengine yana bahati. Koti la ngozi halikumtoka mwilini hata jua liwake vipi. Ndani ya koti kulikuwa na bastola yenye risasi moja. Alisema moja inatosha kwa mwenye akili.

Hamisi alikuwa fundi magari wa Mombo. Mpole, mwenye magoti makubwa na bisibisi mfuko wa nyuma.

Wa tatu alikuwa Rashidi. Rashidi ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

Sikiliza. Kampuni aliyofanyia kazi, jina nalihifadhi kwa sababu wana wanasheria, zamani ilipeleka malori Lubumbashi. Dereva mmoja, lori moja. Unatoka Tanga peke yako, unarudi baada ya wiki tatu umeota ndevu na mtoto wako anakuita anko. Mwaka jana wakabadilisha. Safari ndefu wakawaachia wengine. Wao wakabaki na za kanda: Tanga, Moshi, Arusha, Singida, kurudi. Na kila lori madereva wawili, mmoja kwenye usukani, mwenzake kitandani nyuma ya pazia. Lori lisilale. Wanadamu wapokezane kulala.

Safari zikawa fupi, malori yakahitajika machache, na madereva wakawa wengi kuliko viti. Orodha ya watakaobaki ilikuwa inabandikwa mwisho wa mwezi. Rashidi alikuwa amekaa utingo wa yadi miaka tisa akisubiri kiti. Kiti alikuwa nacho miezi mitano tu. Kila mtu alijua aliyeingia mwisho hutoka kwanza.

"Ukishafanya hii," Alen alimwambia, "Fuso ya kubebea mzigo inabaki yako. Kiti chako. Hakuna wa kukubandika ukutani."

Rashidi alikuwa anakwangua ukucha kwenye mfuko wa urea.

"Mzee analala kweli?" Alen akauliza.

"Analala. Hatujafika Mombo anakoroma mpaka pazia linacheza."

Mzee ni Sefania, dereva wa kwanza wa lori hilo. Mlutheri wa Soni, miaka ishirini na miwili barabarani peke yake.

"Miaka ishirini na miwili hakuna aliyemgusa Sefania," Alen alisema. "Watu wamejaribu Mikumi, wamejaribu Tunduma. Hakusimama sehemu moja mara mbili. Hakubeba abiria. Alikula anaendesha. Lile lori halikuwa na mlango." Akamtazama Rashidi. "Sasa kampuni imemwekea mlango ndani ya kebini. Wenyewe huu hapa."

Hamisi alicheka. Rashidi hakucheka.

Mpango ulikuwa hivi. Ijumaa lori litabeba betri za sola, maboksi themanini, kwenda Moshi. Rashidi atashika usukani kuanzia Korogwe. Akipita Mombo, kabla ya Mazinde, atakata kushoto njia ya shamba la mkonge lililoachwa. Fuso itakuwa inasubiri na matenga matupu ya nyanya. Betri chini, matenga juu. Rashidi atafungwa kamba aonekane naye kaonewa. Halafu mzigo hautaenda Moshi wala Dar, ambako kila askari atakuwa anautafuta. Utapanda mlimani. Mombo, Soni, Lushoto, Shume. Nani anakagua Fuso inayopandisha matenga matupu?

"Na muda?" Hamisi akauliza.

"Hapo ndipo pagumu," Rashidi alisema. "Zamani ukisimama hata kwa muda wa saa sita, ofisini wanajua umelala. Sasa tuko wawili, hatuna sababu ya kusimama. Wanaliona lori kwenye kompyuta; zikipita dakika kumi na tano, wanapiga simu."

"Utasema tairi."

"Nikisema tairi tunapata dakika arobaini."

"Zinatosha," Alen alisema. Akasimama, kofia ikagonga bati.

*

Ijumaa. Saa nane na dakika tano mchana. Mombo.

Rashidi alikuwa na jasho mpaka kwenye kope. Nyuma ya pazia mzee anakoroma. Mkoromo mzito, wa heshima, unaopanda na kushuka kama mtu anayepasua mbao.

Saa nane na dakika ishirini. Akapunguza mwendo. Akakata kushoto. Vumbi jekundu likameza kioo. Mkonge huku, mkonge kule, miiba juu.

Mkoromo ukakatika.

"Umepotea njia, mwanangu," ilisema sauti nyuma ya pazia. Haikuwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Haikuwa na hata tone la usingizi.

"Tairi la nyuma, mzee. Naona linavuma."

"Tairi lipi? Nimeyasikiliza yote tangu Korogwe. Hayana neno."

Hapa nieleze jambo, maana hata polisi walipoelezwa na mzee mwenyewe walicheka, kisha wakaacha kucheka. Sefania hakuwahi kulala nyuma ya pazia lile. Hata safari moja. Mtu aliyelala miaka ishirini na miwili kwenye lori lililozimwa, milango imefungwa, funguo ndani ya soksi, hawezi kufumba jicho lori likitembea chini ya mguu wa mwingine. Alijaribu. Alihesabu kondoo, alisoma Zaburi, wapi.

Lakini akafikiria. Huyu kijana akijua kwamba nimelala macho wazi, ataona simwamini. Atavunjika moyo. Dereva aliyevunjika moyo ni hatari barabarani. Kwa hiyo mzee akawa anakoroma. Kwa adabu. Miezi mitano, Tanga mpaka Singida na kurudi, mzee mzima anajikoromesha ili mtoto wa watu aendeshe kwa raha.

Yaani mpango wote wa Alen ulikuwa umelazwa juu ya mkoromo wa adabu.

Saa nane na dakika ishirini na sita. Lori lilisimama. Mlango wa kushoto ukafunguliwa. Alen akaingia, uso umezibwa kwa kofia ya sufi, bastola mbele. Alitegemea kukuta pazia limefungwa. Alikuta mzee amekaa kitako kitandani, anavaa viatu, taratibu, anafunga kamba.

Mzee hakumtazama Alen. Alimtazama Rashidi.

"Na wewe umo," alisema.

Rashidi aliinamia usukani.

"Shuka," Alen alisema.

"Nashuka. Magoti haya si yako, yaache yashuke kwa mwendo wake."

Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani. Kazi ikaanza. Maboksi yanatoka kwenye lori yanaingia kwenye Fuso, mgongo kwa mgongo, hakuna anayesema. Betri moja ni kilo ishirini na kitu. Jua la Mazinde halina huruma hata kwa mtu wa Mombo. Hamisi alitapika kidogo pembeni, akafuta mdomo, akaendelea.

Saa nane na dakika arobaini na mbili. Simu ya lori ikaita.

Alikuwa Yunis wa ofisini. Dada mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Rashidi akaweka sauti ya nje.

"Rashidi, mmesimama dakika kumi na sita. Kuna nini?"

"Tairi, dada. Tunabadilisha."

"Mbona mko nje ya barabara?"

"Tumetafuta kivuli."

Kivuli kwenye shamba la mkonge. Hata mtoto wa form two anajua hakuna.

"Mpe mzee simu," Yunis alisema.

Alen akaweka mdomo wa bastola nyuma ya sikio la Sefania. Hamisi akaacha boksi hewani. Rashidi alishika simu mbele ya mzee kwa mikono miwili, kama anampelekea maji ya kunawa.

Mzee alimtazama tena. Sekunde ambazo ukizihesabu leo unaona ni nne, siku ile zilikuwa wiki.

"Ndiyo, Yunis," alisema. "Tairi. Tupe dakika arobaini."

"Haya mzee. Poleni."

Simu ikakatwa. Alen akashusha pumzi. Halafu akafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Akavua kofia ya sufi. Akaitupa.

Rashidi alielewa kabla ya wengine. Mtu anayekuonyesha uso wake hategemei uusimulie.

"Kaka Alen," alisema. "Kaka. Mfunge na mimi hapa. Tutakaa wote."

"Anakujua. Ameshasema umo."

"Hatasema. Amedanganya ofisini kwa ajili yetu, umesikia mwenyewe."

"Amedanganya kwa ajili ya hii." Alen alitikisa bastola. "Nikiiondoa atasema. Anapanda na sisi. Shume ni pana."

Kila mtu wa huko juu anaijua Shume. Misonobari mpaka macho yachoke, barabara za magogo ambazo hata aliyezichonga amezisahau.

Rashidi akapiga magoti kwenye vumbi. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, na koti la kuakisi mwanga la kampuni. "Ulisema hataguswa."

"Nilisema akiwa amelala."

"Nichukue mimi. Chukua Fuso, siitaki. Sitaki kiti. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha, kaka. Leseni nilikuwa nayo, kuendesha sikujua. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Alen alimpiga kitako cha bastola mdomoni. Mara moja. Damu ikafanya ule uongo wa kuonewa uwe kweli. Wakamfunga kwenye gurudumu la mbele. Alipokuwa anafungwa alisema, kwa sauti ya chini, "Asifike Shume."

Alimwambia nani? Labda mikonge.

*

Saa tisa na dakika kumi. Fuso ikawashwa.

Alen alitangulia na Noah nyeusi. Nyuma ya Fuso, chini ya turubai, juu ya betri na katikati ya matenga, Sefania alilazwa kifudifudi, plasta mdomoni. Hamisi alimwekea goti mgongoni na bisibisi shingoni.

Na Hamisi, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri, alishindwa kuvumilia. Unamwekeaje goti mtu wa umri wa baba yako bila neno?

"Shikamoo mzee," alinong'ona.

Mzee hakuitikia. Ana plasta.

Saa tisa na nusu. Mombo. Trafiki akainua mkono. Fuso ikasimama. Noah ilikuwa imeshapita, imeegesha mbele kwenye vibanda vya matunda, Alen anaangalia kwenye kioo.

"Mna nini?"

"Matenga, afande. Tunarudi nyumbani."

Trafiki akagonga ubavu wa Fuso kwa kiganja, ko, ko. Ndani, bisibisi ilizama kidogo kwenye ngozi ya mzee. Tone moja la damu. Trafiki akaangalia mlima, akaangalia saa yake, akawaza chai.

"Pita."

Kuna watu hufa kwa sababu ya neno dogo kama hilo.

Saa tisa na dakika arobaini. Mlima ukaanza. Ukuta wa mawe kulia, korongo kushoto, kona juu ya kona. Fuso inanguruma, inashuka gia, inakata, inapanda. Hewa ikaanza kupoa. Mzee, uso kwenye boksi la betri, alikuwa anahesabu kona. Hamisi anasema mzee alikuwa anahema kwa utulivu kuliko yeye. Hamisi ndiye aliyekuwa analia. Alikuwa fundi, hakuwahi kuua hata nguruwe. Alijua baada ya Soni ni Lushoto, baada ya Lushoto ni Shume, na kule Alen hatachafua koti lake. Atamwambia Hamisi.

Saa kumi na dakika mbili. Soni.

Siku ya gulio. Sasa, mtu anayepanga wizi Ijumaa bila kukumbuka gulio la Soni ni mtu wa mbao, anaijua misonobari, hajui kabichi. Barabara imejaa. Karoti barabarani, viazi barabarani, akina mama barabarani. Noah ikapiga honi, ikapenya, ikapanda upande wa Lushoto. Fuso ikafuata taratibu.

Katikati kabisa ya gulio, Fuso ikazima.

Dizeli chafu, si ajabu. Ilitikisika mara moja, kimya. Magari matatu nyuma yake yakaanza kulalamika.

Na hapo ndipo Alen alipolipia kosa la pili. Yale matenga aliyaokota Mombo, kwenye lundo lililoshushwa na magari ya sokoni, bila kuuliza ni ya nani. Kwake yeye tenga ni tenga. Lakini tenga la mlimani lina mwenyewe. Kila mama ana rangi yake, amepaka kona kwa mkono wake, na tenga likienda Dar lazima lirudi. Lisiporudi, nyanya zake wiki ijayo zinaozea shambani.

Mama Scholastica alikuwa mkubwa wa mwili na mdogo wa subira. Aliona rangi ya bluu chini ya turubai.

"Hayo matenga yangu," alisema. "Wiki tatu nayatafuta. Nani amewapa?"

Hakusubiri jibu. Akapanda kwa bamba la nyuma, wenzake wawili wakamsukuma. Akavuta turubai. Akavuta tenga la kwanza, la pili. La tatu likagoma. Akainama kuangalia.

"Hili lina mguu," alisema.

Hamisi aliruka. Alitua kwenye viazi, na viazi vikafanya kazi yake. Kabla hajasimama alikuwa ameshikwa na mikono ya kijiji kizima. Mwizi. Neno hilo likitamkwa gulioni halina rufaa. Jiwe la kwanza likampata sikioni, ufito ukafuata, mtu mmoja akauliza petroli iko wapi. Hamisi alikuwa chini, damu puani, hajikingi hata kidogo.

Juu ya Fuso, Mama Scholastica alikuwa amebandua plasta. Watu wakamtazama mzee atasema nini.

"Marahaba," alisema Sefania.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mtu mmoja, chini, kwenye viazi. Hamisi akaanza kulia kwa sauti.

"Mwacheni huyo," mzee akasema. "Ameniomba radhi njia nzima. Mfungeni, iteni polisi, lakini asiguswe tena."

Wakaacha. Soni hawamwachi mwizi, ila mzee akisema, wanaacha.

Alen hakurudi. Noah ilikutwa Magamba, juu ya Lushoto, milango wazi, koti la ngozi kwenye kiti. Mpaka leo hajapatikana. Rashidi walimkuta palepale kwenye gurudumu, saa kumi na mbili, na cha kwanza alichouliza ni kama mzee yuko hai. Walipomwambia yupo, akanyoosha mikono afungwe pingu. Wote wawili wako ndani. Na hiyo ndiyo kazi ya Ijumaa, watu watatu, na betri zote themanini zikarudi kwa mwenyewe.

*

Nilipofika hapo, meza nzima ilikuwa inacheka. Tulikuwa Mombo, kwa mama Efrazia, saa sita mchana, madereva tisa wa kampuni na sahani zao za wali. Nilikuwa mgeni. Wiki yangu ya kwanza. Orodha ilibandikwa Jumatatu, lori namba kumi na nne: wa kwanza Sefania, wa pili Anord. Anord ni mimi. Mgeni lazima aingie na kitu mkononi, na mimi sina kitu ila mdomo.

Kicheko kikafa kuanzia upande wa mlangoni.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu saa ngapi.

"Shikamoo mzee," nikasimama, nikamgeukia.

"Marahaba. Kaa." Akavuta kiti, akakaa mkabala nami, akaweka kofia mezani. "Umesimulia vizuri. Kuna sehemu hata mimi nilikuwa sizijui. Nina swali moja tu."

"Uliza mzee wangu."

"Alen alikuwa kwenye Noah. Rashidi alifungwa kwenye gurudumu. Hamisi goti lake lilikuwa hapa mgongoni, kutoka Mazinde mpaka Soni." Akaigeuza kofia mezani. "Fuso iliendeshwa na nani?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Polisi waliuliza," mzee akaendelea, kwa sauti ileile ya kuongea na kijana aliyepotea njia. "Rashidi akasema Hamisi. Hamisi akasema Rashidi. Mpaka leo kila mmoja anashikilia kwamba walikuwa watatu. Watu wanapigwa, wanashikilia watatu. Nikajiuliza huyu wa nne aliwafanyia nini cha wema."

"Labda..." nilisema.

"Na haikuzima. Dizeli chafu inakohoa kwanza. Ile iliuliwa. Mtu alichomeka gia ya nne kwenye mlima, katikati ya watu, akaachia klachi, akafungua mlango akapotea kwenye karoti. Mtu wa milimani, maana kila kona alirudisha gia kabla gari halijamwomba. Jana nje ya Korogwe nimesikia mguu huohuo."

Sahani zote zilikuwa zimetulia. Tisa, na mama Efrazia na mwiko wake, na askari wawili meza ya pili ambao walikuwa wameacha kutafuna. Nilifikiria Alen, popote alipo, akisikia nani aliiua Fuso yake. Habari ya Mombo inafika Shume kabla ya pikipiki. Nilifikiria Rashidi, ambaye nimekalia kiti chake. Huku gereza, kule msitu, na mlango wa banda uko nyuma ya mgongo wa mzee.

"Mimi sijui utapata kifungo au shukrani," Sefania alisema. "Vyote viwili vyako. Lakini kuna vijana wawili wanapigwa kwa ajili ya jina lako, na mimi sipandi lori na mtu wa namna hiyo."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na utani mmoja, mzuri, ungeweza kuniokoa.

Mzee aliinua kidole.

"Huo usiuseme," alisema. "Jibu swali."